Ulizeni Tujibu: Kompyuta inayosema, na yale inayoyanyamazia

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu habari ya visoma skrini, yaani zile programu zinazomsomea mtu asiyeona kilichomo kwenye kompyuta, nikadhani zitakuja barua mbili tatu alafu tuendelee na mambo mengine. Wapi! Zimekuja mpaka mhariri kaniuliza kama nimeahidi watu zawadi. Nimechagua chache na nyingine nimezipunguza, maana kuna moja ilikuwa ndefu kama wosia wa mzee mwenye wake wanne. Kwa wageni wa safu hii, mimi mwenyewe sioni, na haya majibu nimeyaandika huku kompyuta inanisemea sikioni, kwahiyo mkikuta kosa la tahajia mlaumuni mhariri, yeye ndo mwenye macho.

SWALI: Shikamoo kaka. Mume wangu ni mhasibu, ana miaka 46, presha ya macho imemmaliza, tangu mwaka jana haoni kabisa. Kazini wamempa likizo ila naona wazi wanatafuta mlango wa kumtolea. Jirani katuambia kuna kompyuta maalum za wasioona, bei yake mamilioni. Tuna kiwanja. Tukiuze? – Mke wa mhasibu, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Kiwanja msikiuze. Hakuna kompyuta ya wasioona, narudia, hakuna. Laptopu ile ile aliyokuwa akifungia mahesabu ndo ataendelea nayo, kinachoongezwa ni programu tu ya kumsomea na iliyo nzuri ni ya bure. Kuna vifaa vya nukta nundu, yaani yale maandishi ya kusoma kwa kupapasa, vinavyochomekwa kwenye kompyuta, hivyo ni ghali kweli kweli na labda ndo jirani alivisikia, ila mtu aliyekuwa anaona mpaka juzi nukta nundu hajui, hivyo vitasubiri.

Programu ninayomshauri inaitwa NVDA. Aliianzisha kijana mmoja asiyeona wa Australia, Michael Curran, mwaka 2006, na sababu ni hiyo hiyo inayokunyima usingizi wewe, visoma skrini vya wakati ule ukitaka kununua unaweza kulipa kuliko bei ya kompyuta yenyewe. Mwaka uliofuata yeye na mwenzie James Teh, naye haoni, wakaunda shirika la NV Access na mpaka leo wanaitoa bure, anayejisikia kuchangia anachangia. Mnaidaunilodi kwenye tovuti yao, na raha yake ni kwamba ukifungua tu lile faili inaanza kuongea hapo hapo hata kabla hujaiinstoli, kwahiyo anaweza kujiinstolia mwenyewe. Mwache ajiinstolie mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu naijua hiyo nyumba ilivyo sasa hivi, kila kitu anafanyiwa, hata chai anakorogewa, na mtu mzima akikorogewa chai mwezi mzima anaanza kuamini kweli kwamba kukoroga hawezi.

Alafu mjue inavyofanya kazi, maana watu wanafikiri kisoma skrini kina kijicho fulani kinaangalia kioo kisha kinasimulia. Hakina. Chenyewe kinaiuliza Windows, kinaiuliza Excel, kinaiuliza brauza: hapa alipo huyu bwana pana nini? Kikijibiwa kuna batani inaitwa Hifadhi, kinasema "batani, Hifadhi". Kisipojibiwa kitu kinanyamaza, hata kama hapo kwenye kioo pamechorwa ua zuri namna gani. Yaani kinasoma kilichoandikwa, sio kinachoonekana. Lishikeni hilo, nusu ya barua za leo zinaishia hapo.

Mausi iwekeni kabatini. Kazi yote ni kibodi. Apapase herufi F na J, zina vinundu vya kumwonyesha njia, na namba 5 ya kule kulia nayo ina chake, na mhasibu hizo namba za kulia vidole vyake vinazijua tayari, hapo kashatutangulia wengi. Ila mwambie mapema, Num Lock ikiwa imezimwa NVDA inazichukua namba hizo kwa kazi zake za kukagua skrini, kwahiyo siku akibonyeza 5 ikamsomea neno badala ya kuandika 5 asidhani imeharibika, awashe Num Lock maisha yaendelee. Batani yenyewe ya NVDA ni Insert, unaishikilia alafu unabonyeza nyingine: na T inakusomea jina la dirisha ulilomo, na mshale wa chini inasoma mfululizo, na F12 inakwambia saa. Kama kwenye laptopu yake Insert iko mbali unaweza kuiset Caps Lock ifanye kazi hiyo. Na ya kuijua kabla ya zote ni Ctrl peke yake, hiyo inainyamazisha NVDA. Wiki ya kwanza ataibonyeza mpaka ichubuke.

Kwenye Excel kila akisogeza mshale anaambiwa kilichomo kwenye seli na anwani yake, C7, D7, hivyo hivyo. Akisimama kwenye seli ya kwanza ya vichwa vya kolamu akabonyeza Insert, Shift na C, ameiambia NVDA kwamba mstari huu ndo wenye majina, na kuanzia hapo akihamia kolamu nyingine anatajiwa "Mapato", "Matumizi", "Salio", badala ya herufi tupu. Mi ilinichukua kama miezi mitatu kuacha kuichukia ile sauti, wala sikuwa na kazi ya kurudia, yeye anayo. Na huko kazini nendeni mkiwa mnajua kwamba ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na inakataza kumbagua mtu kwenye ajira kwa sababu ya ulemavu. Msianze na ugomvi, anzeni na yeye kukaa mbele ya bosi wake na laptopu amfungulie shiti moja aisome. Mabosi wengi hawajawahi kuona hicho kitu kwa macho yao.

SWALI: Mambo kaka. NVDA ninayo ila Kiswahili inasoma kama mzungu aliyeshuka ndege leo asubuhi. Mji wetu wa Same inauita "seimu". Nimechoka. – Mwanachuo kutoka Same

JIBU: Poa mdogo wangu, afadhali wewe, mi niliwahi kufiwa nikatumiwa "pole" za kutosha na zote zikasomwa "poulu", nilicheka msibani. Hapo kisoma skrini hakina kosa. Kukisoma ni kazi ya programu nyingine ndani yake, ile ya sauti, na wewe umeachiwa sauti ya Kiingereza iliyokuja na Windows, sasa yenyewe inajua kanuni za Kiingereza tu, ikikuta "same" itafanyaje?

Bonyeza Insert, Ctrl na S, kitafunguka kidirisha cha kuchagua mashine ya sauti, chagua eSpeak NG, imo humo humo ndani ya NVDA huhitaji kudaunilodi kitu. Alafu Insert, Ctrl na V uingie kwenye mipangilio ya sauti, kwenye orodha ya sauti tafuta Kiswahili. Basi. Mji wenu utarudi kuwa Same.

Nikuonye lakini, ni sauti ya roboti kabisa, ukimsikilizisha mama yako atauliza nani kamfungia huyo mtu kwenye debe. Mzizi wake ni programu ya Mwingereza Jonathan Duddington ya mwaka 1995 kwa kompyuta za Acorn, na haitumii mtu aliyerekodiwa studio, inatengeneza mlio wenyewe kwa hesabu, ndo maana ni ndogo sana na inaitika papo hapo hata kwenye kompyuta iliyochoka. Na ina kitu kimoja ambacho zile sauti tamu nyingi hazinacho, ukiikimbiza haipotezi maneno. Sisi wazoefu tunaisikiliza kwa spidi ambayo wewe sasa hivi ungesikia nyuki tu, na hatukuzaliwa hivyo, unapandisha kidogo kidogo, wiki hii hatua moja, wiki ijayo nyingine.

Tatizo jipya utakalolipata ni kinyume cha la kwanza. Ukifungua notsi za Kiingereza huyu Mswahili atazisoma kwa kanuni zake, "house" atasema "ho-u-se" bila aibu. Kwahiyo jifunze kubadili haraka: Insert na Ctrl ukaongeza mshale wa kulia au kushoto unapita kwenye vitu vya sauti, spidi, sauti ipi, ukali, na mshale wa juu au chini unabadilisha hicho ulichosimamia. Kama ndani ya NVDA umeset mpangilio wa kibodi wa laptopu ongeza na Shift. Vidole vikizoea ni sekunde mbili. Kwa nini isibadili yenyewe? Inaweza, ila mpaka hilo andiko liwe limetamka lenyewe kwamba mimi ni Kiswahili, na mengi hayatamki. Nitalirudia hilo kwa kijana wa Nairobi huko chini, yeye ndo anahusika.

Ukitaka Kiswahili kitamu cha kusikiliza habari ndefu, brauza ya Edge ina ule uwezo wa kusoma kwa sauti na humo wamo Daudi na Rehema wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Wanasoma vizuri mpaka unashangaa. Lakini wanakula bando, na hao wanakusomea ukurasa tu, hawakuendeshei kompyuta. Usichanganye mambo hayo mawili.

SWALI: Habari ndugu mwandishi. Kuna jamaa hapa mjini anauza JAWS kwa shilingi elfu tatu na anakuwekea mwenyewe. Wenzangu wanasema NVDA ni ya wanafunzi, JAWS ndo ya watu wa maofisini. Nichukue? – Karani, Mombasa

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Usichukue. JAWS nayo ni kisoma skrini, ila cha kununua, na leseni yake halali ya kazini inavuka dola 1,000, sasa huyo bwana anayekuuzia kwa hela ya mafuta ya kupikia anakuuzia nini? Mi nilinunua ya hivyo miaka ile najifunza, sijifichi, ikafanya kazi vizuri tu miezi kadhaa, alafu Windows ikajiapdeti usiku mmoja na asubuhi nikaamka na kompyuta bubu, siku yenyewe ni ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi. Mwenye macho kompyuta ikikorofika anaona ujumbe, sisi ikinyamaza ni ukuta. Sikutuma.

JAWS sio kitu kibaya, niseme haki yake. Aliyeianzisha ni Mmarekani Ted Henter, alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki, akapoteza macho kwenye ajali ya gari mwaka 1978, akarudi shule akasomea kompyuta, na toleo la kwanza likatoka 1989 enzi za DOS, ule mfumo uliotangulia Windows, wakati hata hao wanaosema ni ya wakubwa walikuwa wanacheza kombolela. Nguvu yake kubwa ni kwamba unaweza kuiandikia maelekezo maalum iufuate mfumo fulani wa ofisini ambao vinginevyo hausomeki. Kama mwajiri wako ana mfumo wa hivyo basi mwajiri ndo anunue, sio wewe. Na kama unataka kuijaribu tu, ukiiweka bila leseni inafanya kazi dakika 40 kihalali kabisa, zikiisha unarestati kompyuta unapata nyingine 40.

Hiyo ya wanafunzi na wakubwa ni maneno ya vijiweni. WebAIM, watu wanaofuatilia kama wavuti zinafikika kwa wenye ulemavu, huwa wanauliza watumiaji wenyewe, na kwenye matokeo yao ya 2024 waliosema JAWS ndo yao kuu ni asilimia 40.5 na NVDA asilimia 37.7. Wamebanana, na wengi wanatumia zaidi ya moja. Hizo elfu tatu nunua earphone nzuri.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili ana ualbino. Kompyuta anaisogelea mpaka pua inagusa kioo. Bibi yake anasema akiendelea hivyo ataua na hayo macho kidogo aliyonayo. Nimwekee hiyo programu ya kusoma? – Mama, Singida

JIBU: Mama, bibi tunamheshimu ila hapo amekosea. Kusogelea hakuharibu macho. Mtu mwenye uoni hafifu akisogea herufi inakuwa kubwa kwake, basi, anafanya kwa shingo kile ambacho kompyuta ingemfanyia bure, kinachoumia ni mgongo.

Abonyeze ile batani yenye alama ya Windows pamoja na ya kujumlisha, skrini inakuzwa, ya kutoa inapunguza, na Windows pamoja na Esc inafunga. Kwenye brauza Ctrl na kujumlisha inakuza maandishi yenyewe, hii ni nzuri zaidi kwa kusoma maana mistari inajipanga upya huhangaiki kusogeza huku na kule. Alafu mwanga, maana watoto wenye ualbino mwanga mkali unawatesa na skrini nyeupe ni kama kuangalia bati jipya saa saba mchana: mgeuzieni iwe nyeusi yenye maandishi meupe, punguzeni ukali wake, na meza asiiweke ikielekea dirishani. Hayo yote yamo kwenye settingi za Windows sehemu ya ufikivu.

NVDA muwekee pia, ila sio badala ya macho yake. Aitumie kwenye kusoma kurefu, ile sura nzima ya historia, macho yakichoka masikio yanapokea, tena anaweza kuangalia na kusikiliza kwa pamoja. Kuna wataalam wanaomlazimisha mtoto achague, unaona au huoni? Mtoto anaona anachokiona, asichaguliwe. Na shule iwataarifu mapema watu wa mitihani, Necta watahiniwa wenye uoni hafifu wanakuziwa maandishi kwenye karatasi zao, ila shule ikizembea kumwandikisha hivyo siku ya mtihani atapewa karatasi kama ya wenzie.

SWALI: Mimi ni mwalimu, naona vizuri. Darasani nina vijana wawili wasioona wenye laptopu. Nawatumia notsi PDF kila wiki lakini wanasema hazisomeki, wakati mimi kwangu zinafunguka safi. Wanatega? – Mwalimu, Iringa

JIBU: Mwalimu wangu, hawategi. Nakisia unaandika kwa mkono au una kitabu, unapiga picha kwa simu, ile apu inageuza kuwa PDF. Hiyo ni picha ya maandishi, maandishi hayamo. Kisoma skrini kinauliza hapa pana nini, kinajibiwa picha, kinasema picha. Jipime mwenyewe: fungua PDF yako ujaribu kubluu neno moja katikati ya sentensi ulikopi. Ikikataa, jua umewatumia kioo.

Wanayo njia ya kujiokoa. Waifungue ionekane kwenye skrini wabonyeze Insert na R, NVDA itaitumia Windows kuitambua picha na kuigeuza maneno, lakini inafanya ile sehemu inayoonekana tu, kwahiyo notsi za kurasa 30 ni kuhangaika kurasa 30, na mwandiko wa mkono usahau. Njia nyingine ni kuipandisha Google Drive na kuifungua kwa Google Docs, inajaribu kutoa maandishi. Zote zinakosea, jedwali linakuwa mchuzi. Dawa yenyewe iko kwako, chapa kwenye Word utume hilo hilo faili la Word.

Na ukichapa usifanye kichwa cha habari kwa kukikoleza wino na kukikuza herufi tu, hicho ni kichwa cha kuonekana. Simama kwenye huo mstari bonyeza Ctrl, Alt na 1, kwa vichwa vidogo 2. Kwa macho utaona kimebadilika rangi kidogo, ila kwa vijana wako tofauti ni kubwa sana, wakiingia kwenye hali ya kuperuzi kwa Insert na ile batani ndefu ya nafasi wanabonyeza H wanaruka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopekua kurasa kwa kidole. Bila hiyo wanasikiliza kuanzia neno la kwanza kila siku wanapotafuta kitu cha ukurasa wa 14. Jaribu kutafuta wimbo kwenye kaseti utaelewa ninachosema. Michoro iandikie sentensi moja au mbili, bofya kulia juu ya picha utaona mahali pa kuandika maelezo. Na sio "picha ya moyo", andika damu inaingilia wapi na inatokea wapi, si ndo unachofundisha?

Niongeze jambo na nitaitaja ofisi bila jina. Kuna mahali waliwahi kuniita kwenye usaili, tena nafasi yenyewe tangazo linasema wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, wakanitumia barua kwa WhatsApp, picha. Simu ikaniambia "picha". Mi nikajua ni zile picha za asubuhi njema zenye maua, nikaipotezea. Nilikuja kusomewa na mpwa wangu siku mbili baada ya usaili kupita.

SWALI: Niaje mkuu. Nimetengeneza wavuti ya sacco yetu, mzee mmoja mwanachama haoni, kanipigia analia eti anasikia "batani, batani, batani" tu hajui ipi ni ya kuangalia salio. Nifanyeje bila kuanza upya? – Kijana wa kuandika kodi za kompyuta, Nairobi

JIBU: Fiti kijana, na huyo mzee mnunulie soda, amekufanyia kazi ambayo ungemlipa mtu. Umeweka vialama tu, kinyumba, kipochi, kikengele, kwa macho vinaeleweka ila hukuviandikia jina, sasa mzee yuko kwenye korido yenye milango saba isiyoandikwa kitu. Kila batani ipe jina kwenye kodi, haliharibu muonekano hata nukta. Na kama batani zako ni div ulizozipaka rangi zikafanana na batani badala ya button halisi, hapo mzee hata "batani" asingesikia, shukuru umefika hapo.

Sehemu za kujazia namba ya uanachama na PIN zipe lebo za kweli, yale maandishi ya kijivu yanayofutika mtu akianza kuandika hayatoshi. Na ile PIN ya muda inayokuja kwa meseji usiipe sekunde 30, mzee atoke kwenye brauza, achukue simu, aisikilize namba sita, arudi, ajaze, wewe ushamfungia. Mpe dakika kadhaa. Alafu kitu ambacho waandishi wa kodi wa Kiswahili karibu wote mnakisahau, pale juu kabisa kwenye tegi ya html umeacha lang="en" kwa sababu templeti ilikuja hivyo. Andika lang="sw". Herufi mbili tu, na kisoma skrini cha mzee kikiwa na sauti ya Kiswahili kitahamia kwenye hiyo chenyewe, hatasomewa "salio" na "mkopo wake" kwa lafudhi ya London.

Ukimaliza chomoa mausi, jaribu kuingia, kuangalia salio na kutoka kwa Tab na Enter tu. Ukikwama mahali, mzee amekwama hapo hapo tangu juzi. Baadae weka NVDA, ni bure, zima monita, rudia.

Sasa za haraka haraka.

Wa Bujumbura unayeuliza kuhusu watu kukuchungulia ofisini na wewe huwaoni: NVDA ina pazia la skrini kwenye settingi zake, ukiliwasha kioo kinakuwa cheusi tii na wewe unaendelea na kazi kama kawaida. Kwenye iPhone yenye VoiceOver gonga mara tatu kwa vidole vitatu. Wataanza kukuuliza mbona kompyuta yako imezima na unacheka peke yako.

Wa Kigoma mwenye laptopu ya Windows 7: NVDA mpya zitakukatalia, matoleo ya mwisho kukubali Windows 7 ni yale ya 2023.3. Itakusomea, ila kwa mambo ya benki na intaneti mi nisingeiamini tena Windows hiyo, iache ikusomee vitabu tu.

Na nyie mnaouliza laptopu ipi mnunue used pale Kariakoo. Mambo ya skrini kubwa na kadi ya gemu msilipie, lipieni RAM GB 8, diski ya SSD na kibodi nzima. Kabla hujaenda, kwenye NVDA kuna sehemu ya kutengeneza nakala ya kubebeka, iweke kwenye flashi. Ukifika dukani omba uchomeke, iwashe kutoka humo humo kwenye flashi bila kuinstoli kitu, muuzaji atashangaa mashine yake inaongea, mwache ashangae. Bonyeza Insert na 1, hapo inaingia kwenye hali ya mafunzo, kila batani utakayoigusa inatajwa jina na haifanyi kitu kingine. Pitia kibodi yote, mstari kwa mstari, taratibu, hata foleni ikiwa nyuma yako. Chomeka earphone, tikisa waya kidogo usikie kama inakatakata, maana tundu la earphone ndo mlango wako wa kuingilia. Batani yoyote usiyoisikia ikitajwa, bonyeza tena mara moja, na ikinyamaza mrudishie laptopu yake uombe nyingine.